Fomu ya Ajenti, Jina Langu: Huduma ya Kuchuja Wapangaji Buruburu

Nimelipa shilingi 22,500, nusu ya kodi ya mwezi mmoja, nitafutiwe mpangaji wa nyumba yetu ya Buruburu. Bei hiyo ilikuwa ya kutangaza, kuonyesha nyumba, kuchuja waombaji na kuandaa mkataba. Kusimamia nyumba mwezi baada ya mwezi ni malipo mengine, asilimia 8 ya kodi, nami sikuyataka. Fundi wa mabomba ninaye, wa stima ninaye, na kodi naweza kuipokea mwenyewe. Nilichohitaji kutoka kwao ni kuchuja, na tathmini hii itakaa zaidi hapo. Wana mengi ya kusifiwa, na wana jambo moja zito ambalo kila mwenye nyumba wa Nairobi anafaa kulijua kabla hajatia sahihi na ajenti.

Jina la kampuni silitaji. Majirani zangu wamenionyesha fomu za maajenti wengine wa mjini, na maswali ni yale yale, kwa mpangilio ule ule. Tatizo hili si la afisi moja.

Nyumba yenyewe ina vyumba vitatu vya kulala juu, sebule na jikoni chini, na ua mdogo nyuma wenye mparachichi aliopanda marehemu mama. Kodi ni shilingi 45,000. Mimi ni karani mstaafu wa mahakama. Faili za wenye nyumba na wapangaji zilipita mikononi mwangu kwa miaka mingi. Nilizipiga muhuri, nikazipanga kwenye rafu, na nikawasikiliza watu wa pande zote mbili wakisimulia shida zao pale kaunta. Kwa hiyo karatasi yoyote yenye jina langu huisoma mpaka mwisho, hata yale maandishi madogo ya chini.

Nianze na wanachokijua. Msichana aliyekabidhiwa faili yangu anajua hesabu na anajua kuuliza. Kila mwombaji alitakiwa kuleta hati za mshahara za miezi mitatu, au taarifa ya M-Pesa ya miezi sita ikiwa amejiajiri, pamoja na namba ya mwenye nyumba au keateka wa anakotoka. Maajenti wengi huishia hapo. Wanapokea karatasi, wanazibana pini, wanakuambia mtu ameshachujwa. Huyu alipiga simu.

Asubuhi moja nilikaa kando ya meza yake nikamsikia akizungumza na keateka wa ploti moja ya Umoja. Hakuuliza kama mpangaji ni mzuri, kwa maana swali hilo hujibiwa "ndiyo" hata na anayetamani mpangaji msumbufu ahame kesho. Aliuliza kodi huingia tarehe ngapi. Akauliza mara ya mwisho kuchelewa ilikuwa lini, na kama mpangaji alitoa taarifa mwenyewe au alifuatwa mlangoni. Akauliza ndani wanaishi watu wangapi, na kama notisi ya kuhama imeshaandikwa. Halafu akauliza: dipoziti yake mtamrudishia yote, au kuna kitu mtakata? Keateka akanyamaza kidogo, kisha akasema kuna mlango wa kabati uliong'oka. Swali hilo la mwisho lilitoa habari ambayo mengine yote hayakutoa, na tangu siku hiyo nimewafundisha wenzangu watatu wa kikundi chetu cha akina mama kuliuliza.

Kazini kwa mwombaji alipiga kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, hakutumia ile iliyoandikwa kwenye fomu. Hapo alimnasa mtu. Kijana mmoja nadhifu, mwenye maneno matamu, alileta hati ya mshahara iliyopendeza, ina nembo ya kampuni na sahihi ya mhasibu. Msichana akaiangalia kwa muda, akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa makato. Hati ilikuwa ya mwezi uliotangulia, lakini bado inakata NHIF, ile bima ya afya ya zamani. Makato ya NHIF yalikoma Oktoba 2024, ikaingia SHIF ya asilimia 2.75 ya mshahara wote. Aliyeitengeneza alichukua hati ya zamani akabadilisha tarehe. Kampuni ilipopigiwa simu ilisema haimjui. Kwa kazi hiyo peke yake nisingewadai hata senti ya zile 22,500.

Niseme wazi kwamba yote hayo ni haki ya mwenye nyumba, na ni haki pana kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinalinda mali yako. Hakuna sheria inayokulazimisha kumkubali mtu wa kwanza kubisha hodi, wala yule mwenye mshahara mkubwa kuliko wote. Unaweza kudai ushahidi wa kipato, na unaweza kuweka kiwango, kama walivyofanya hawa, kwamba kodi isizidi theluthi moja ya mapato. Unaweza kuomba mdhamini. Unaweza kumkataa aliyeacha deni la kodi alikotoka, au aliyekuletea karatasi ya uongo. Unaweza kusema hutaki mbwa, hutaki saluni sebuleni, hutaki nyumba igawanywe vyumba na kupangishwa tena kwa watu usiowajua. Kwa nyumba ya kodi kama yangu dipoziti ni mapatano yenu, kwa sababu ile sheria ya kudhibiti kodi, Sura 296, inazigusa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na Buruburu hazipo za bei hiyo.

Kuhusu saluni sebuleni nina la kuongeza, kwa sababu watu wa mtaa wetu wanalichukulia wepesi. Ukipita Mumias South Road utaona nyumba ambazo zilijengwa ziwe za familia na sasa ni maduka, kliniki na baa. Kupangisha kwa biashara ni ulimwengu mwingine. Sura 301 inamlinda sana mpangaji wa duka, hoteli au mkahawa ambaye mkataba wake haukuandikwa, au ni wa miaka isiyozidi mitano. Kumtoa kunahitaji notisi rasmi ya miezi miwili au zaidi, na akipinga mnakwenda mbele ya jopo la kodi za biashara. Kwa hiyo kuuliza mtu atatumia nyumba kwa kazi gani si udadisi. Uliza, na uandike jibu kwenye mkataba.

Sasa fomu. Ukurasa wa kwanza hauna neno: jina, namba ya kitambulisho, simu, kazi, kipato, anakoishi sasa, idadi ya watakaoishi naye. Nikafungua ukurasa wa pili. Kabila. Kaunti ya nyumbani kwenu. Dini, na jina la kanisa au msikiti. Umeoa, umeolewa, hujaoa, umeachika, mjane. Majina ya watoto na umri wa kila mmoja. Unatarajia mtoto? Una ugonjwa wa kudumu? Chini kabisa, juu ya mahali pa sahihi, palikuwa pamechapishwa "kwa niaba ya mwenye nyumba", na mbele yake majina yangu yote matatu.

Nani ameuliza kabila? Kwa niaba ya nani mjamzito anaandika kwenye karatasi ya mtu asiyemjua kwamba ni mjamzito? Fomu inasema ni mimi. Na sheria nayo itasema hivyo hivyo, kwa sababu ajenti akifanya kazi uliyomtuma, kwa mamlaka uliyompa, amefanya kwa jina lako. Ukishtakiwa huwezi kusimama pale ukasema ni kijana wa afisini.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinaorodhesha misingi ambayo ubaguzi umekatazwa: rangi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, hali ya afya, asili ya kikabila au ya kijamii, umri, ulemavu, dini, imani, utamaduni, mavazi, lugha, kuzaliwa. Weka orodha hiyo kando ya ukurasa wa pili wa ile fomu uone zinavyokwenda sambamba. Watu wengi hudhani maneno hayo yanaibana serikali peke yake. Sehemu ya nne ya kifungu ndiyo inayozungumza na serikali. Sehemu ya tano inasema mtu naye asimbague mwenzake, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, kwa misingi hiyo hiyo. Na Kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki, ile sura ya Katiba inayoorodhesha haki zetu, inawafunga watu wote. Mwenye nyumba ni mtu. Ajenti ni mtu.

Hiyo "njia ya kuzunguka" ndiyo wengi wanayoipitia bila kufikiri. Tangazo halisemi "Wakristo pekee", linasema mpangaji alete barua ya mchungaji. Halisemi "hatutaki wasioolewa", linasema "familia zilizotulia". Kaunti ya nyumbani inaulizwa badala ya kabila. Hakimu ana macho.

Nina jirani, mzee ninayemheshimu na aliyenisaidia sana mama alipofariki, ambaye hunijibu kila mara: "Nyumba ni yangu, nilijenga kwa jasho langu, nitampa ninayemtaka." Mzee wangu, nyumba ni yako kweli. Lakini kumbuka yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mathare na Kibera watu walifukuzwa vyumbani kwa sababu ya kabila. Wapangaji waliwatoa wenye nyumba, wenye nyumba wakawatoa wapangaji, na wengine hawakurudi tena. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitungwa mwaka uliofuata, 2008, ndiyo iliyozaa ile Tume yenye jina hilo hilo, na imegusa hata umiliki na usimamizi wa mali. Haikuletwa na watu wasio na shughuli. Ilitoka kwenye milango yetu wenyewe, katika jiji hili. Mimi siwezi kuweka neno "kabila" kwenye fomu ya nyumba nikalala usingizi.

Nililiuliza jambo hilo siku ile ile. Wakaniambia ni fomu ya kawaida, maswali hayo ni ya kujaza tu, hayatumiki. Kisha wiki iliyofuata meneja akanipigia simu.

"Mama, nimekuandalia orodha. Nimeondoa wawili nisikuchoshe."

"Umewaondoa kwa nini, kijana wangu?"

"Huyu wa kwanza ni dada hajaolewa, ana watoto wawili. Wenye nyumba wengi hawapendi. Na wa pili ni Msomali, Mama. Unajua hao huingia wanne wakawa kumi."

"Mishahara yao ikoje?"

"Mishahara iko sawa."

"Na kodi walikotoka?"

"Wanalipa vizuri, hata karatasi zao ndizo zilizotimia kwanza. Lakini Mama, huyu wa tatu ni mtu wenu kabisa, wa kule nyumbani. Mtaongea lugha moja."

Kijana huyu si mtu mbaya. Ni mpole, ananiita Mama kwa heshima, na aliamini kwa moyo wake kwamba ananitendea wema. Hilo ndilo linalonisumbua. Alikuwa na wapangaji wawili ambao msichana wake amewachunguza mpaka kwenye mlango wa kabati, akawaweka kando kwa majibu ya ukurasa ambao niliambiwa hautumiki. Kazi yote nzuri iliyofanywa kwa ukurasa wa kwanza ilibatilishwa na ukurasa wa pili. Nami nilikuwa nimeilipia.

Nikamwambia awarudishe wote wawili kwenye orodha na anitumie faili zao kama zilivyo. Tena nikamwandikia barua pepe maneno hayo hayo, kwa sababu miaka ya mahakamani imenifundisha kwamba kilichosemwa kwa simu hakiachi ushahidi. Nikaeleza kwamba nyumba yangu itatolewa kwa mtu wa kwanza aliyetimiza masharti manne: kipato, rekodi ya kulipa, idadi ya watu isiyozidi sita, na nyumba kutumika kwa makazi. Masharti hayo ni kwa kila mwombaji, na yule wa kule nyumbani akiwemo.

Hiyo idadi ya sita inastahili kuelezwa, maana ndiyo dawa ya ile hofu ya "wanne wakawa kumi". Hofu ya nyumba kujaa watu ni ya haki. Choo ni kimoja juu na kimoja chini, tangi la maji ni dogo, na mabomba ya Buruburu yamezeeka. Basi ukiogopa watu kumi, andika watu sita. Iandike kwenye tangazo, iandike kwenye mkataba, na imfunge Mkikuyu, Mjaluo, Msomali, Mkamba na Mhindi. Ukiogopa kelele, andika saa za utulivu. Ukiogopa kodi kuchelewa, andika tarehe na andika riba ya ucheleweshaji iliyo ya kiasi. Karibu kila hofu niliyowahi kuisikia kuhusu kabila fulani au mama asiye na mume, ukiifuatilia unakuta nyuma yake kuna jambo ambalo linaweza kuandikwa kama sharti la kila mtu. Na lile lisiloweza kuandikwa hivyo si la kuchujia wapangaji.

Watu huniuliza kuhusu mawakili na polisi, kwa sababu hapa mjini ni kawaida kusikia mwenye nyumba akisema hao hawapangishii, ukiwadai wanakugeuzia sheria. Kazi ya mtu haijatajwa kwenye orodha ya Kifungu cha 27. Lakini orodha hiyo haikufungwa. Imesema "ikiwemo", na mahakama inaweza kuipanua. Mimi ushauri wangu ni kumpima wakili kama mwingine: mpigie simu mwenye nyumba wake wa zamani.

Karatasi za waombaji nazo zilinihuzunisha. Nilipofika afisini kwao, karibu na Moi Avenue, nakala za vitambulisho na taarifa za M-Pesa zilikuwa wazi juu ya kaunta ambapo mtu yeyote anayeulizia chumba anaweza kuzisoma. Taarifa ya M-Pesa ya miezi sita inaonyesha mtu amemtumia nani pesa, amenunua dawa wapi, anamsaidia mzazi gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uchukue taarifa unazozihitaji tu, umweleze mtu ni za nini, na uzihifadhi salama. Na katika zile taarifa inazoziita nyeti imetaja asili ya kabila, imani, afya, hali ya ndoa, hata majina ya watoto na wazazi. Yaani ukurasa wa pili karibu wote. Mwombaji asiyepewa nyumba anaacha nini nyuma? Anaacha maisha yake yote kwenye kaunta ya watu. Niliomba faili za waliokosa ziharibiwe, na msichana akafanya hivyo mbele yangu kwa mashine ya kukata karatasi. Nakala za kwenye simu na kompyuta wamenijibu kwa maandishi kwamba wamezifuta.

Ada ya kuona nyumba. Walikuwa wanamtoza kila anayekuja kutazama shilingi 500. Niliikataza kwa nyumba yangu, wakakubali bila ubishi. Cheti cha usajili cha bodi ya mawakala wa nyumba kilikuwa ukutani, na sheria ya mawakala hao, Sura 533, inakitaka. Muulizeni kila ajenti cheti hicho, maana mjini wamejaa wenye simu mbili na mkoba peke yake.

Mkataba waliouandaa ulikuwa wa kurasa nane, lugha nzuri, lakini kifungu kimoja kiliniruhusu kufunga nyumba kwa kufuli kodi ikichelewa siku saba. Nilikikata kwa kalamu. Kufuli nimeziona zikiletwa mahakamani kama vielelezo, na aliyezifunga ndiye aliyeishia kulipa. Mpangaji akishindwa kulipa, Sura 293 inakuruhusu kukamata mali yake kwa deni la kodi kupitia dalali mwenye leseni. Ukitaka aondoke, unampa notisi, na asipotoka unakwenda mahakamani. Kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja.

Hawakunikumbusha ushuru wa stempu. Kwa mkataba usiozidi miaka mitatu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwangu shilingi 5,400. Wengi huuruka, kisha siku ya shida mkataba unakataliwa kama ushahidi kwa sababu haujalipiwa. Niliwaona watu wakigeuzwa pale kaunta kwa hilo, karatasi mkononi. Ushuru wa mapato ya kodi waliueleza vizuri, tena bila kuulizwa: asilimia 7.5 ya kodi yote tangu Januari 2024, kwa anayepokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, unalipwa kwa mamlaka ya ushuru, KRA, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwangu ni 3,375 kila mwezi.

Yule bwana Msomali, mfamasia wa South C aliyetaka kuhamia na mkewe na mama yake mzazi, nilipompigia mwenyewe alikuwa ameshapata nyumba kwingine. Aliniambia kwa upole kwamba afisi haikuwahi kumjibu. Nilimwomba radhi kwa niaba ya jina langu lililokuwa kwenye ile karatasi. Akasema, "Hakuna neno, mama. Tumezoea." Neno hilo limenikaa kifuani mpaka leo. Mtu mwenye kazi, mwenye risiti za kodi za miaka, anayemtunza mamake, hapaswi kuzoea jambo kama hilo katika mji aliozaliwa. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya, na Buruburu ni Kenya.

Nyumba aliichukua yule dada. Ni muuguzi, ana binti wawili wa shule ya msingi, kodi aliyokuwa akilipa iliingia kabla ya tarehe 5 kila mwezi, na mwenye nyumba wake wa zamani alisikitika kumpoteza. Yule mtu wa kule nyumbani alipungukiwa na sharti la kipato; nilimweleza hivyo kwa namba, akaelewa. Nilipokwenda kumkabidhi muuguzi funguo tulikagua nyumba pamoja, tukaandika kila ufa na kila bomba linalodondoka, tukatia sahihi sote wawili. Karatasi hiyo ya hali ya nyumba kampuni haikuwa nayo, na ningependa waiongeze.

Kwa uchunguzi wa kipato na marejeo nawapa tano kati ya tano. Kwa mkataba, tatu. Kwa fomu na kwa namna meneja alivyochagua, sina nyota ya kutoa. Nimewaandikia kuwaomba ukurasa wa pili uondolewe kabisa. Wamejibu kwamba kwa nyumba yangu wameuondoa, lakini kwa wengine wanaubakiza kwa sababu wenye nyumba wenyewe ndio wanaoutaka. Kwa hiyo nawaambia wenye nyumba wenzangu: wakikuletea fomu, geuza ukurasa. Ukikuta maswali hayo, yapige mstari, tia sahihi kando ya mstari, na ubaki na nakala.

Nyumba ya dada yangu ya Donholm itakuwa wazi mwezi wa nane. Nimemwambia meneja kwamba kazi hiyo ni yao, na ya kuisimamia kwa asilimia 8 pia, siku nitakapoiona fomu yao ina ukurasa mmoja kwa kila anayeingia afisini. Ameniahidi kulipeleka kwa mkurugenzi.